Shajara ya mradi: kubadilisha gogo la chini la nyumba ya magogo huko Krátká, Vysočina

Jengo lenyewe

Krátká ni kijiji kidogo sana cha nyanda za juu za Ucheki. Kiko chini ya mamlaka ya Sněžné, kwenye mwinuko unaopita mita 700, ndani ya milima ya Žďárské vrchy ambayo kilele chake cha juu kabisa ni Devět skal, mita 836. Milima hii ndiyo inayogawa maji: ya upande mmoja huteremkia mto Labe hadi Bahari ya Kaskazini, ya upande wa pili hufuata Danube hadi Bahari Nyeusi. Kwa fundi maana yake ni theluji nyingi, ukungu wa mara kwa mara, na majira mafupi ya kufanyia kazi ya udongo na chokaa.

Nyumba inayotengenezwa ina mpango wa kawaida wa huku: sednice, yaani chumba kikuu chenye jiko la kuni, kimejengwa kwa magogo, kinafuata síň, ukumbi wa kuingilia, kisha ghala na zizi vilivyojengwa kwa mawe. Magogo ni ya msprusi, mti wa jamii ya misonobari, yamechongwa pande nne, na pembeni yameshikana kwa kiungo cha mkia wa samaki. Gebo, yaani pembetatu ya ukuta chini ya ncha ya paa, ni la mbao za kusimama. Paa lilikuwa la vigae vya mbao, baadaye likafunikwa kwa eternit, vigae vya saruji yenye nyuzi. Mradi unahusu ukuta wa kaskazini wa sednice, ambao gogo lake la chini limeoza, na upande wa paa ulio juu yake.

Machi: ukaguzi

Gogo la chini la kaskazini lina urefu wa mita 7.2 na unene wa sentimita 24 kwa 24. Kwa macho lilionekana zima, kwa sababu nje lilikuwa limefunikwa lipu ya saruji. Nyundo ilipopigwa ilitoa sauti butu karibu urefu wote, na msharasi ukazama sentimita 6 hadi 9 bila nguvu. Kipimo cha unyevu wa mbao kilionyesha zaidi ya asilimia 30 kwenye gogo la kwanza, 21 kwenye la pili na 15 kwenye la tatu. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji zaidi ya asilimia 20 hivi kwa muda mrefu, kwa hiyo la pili liko mpakani na la tatu ni salama. Gogo la chini la ukuta wa gebo limeoza mwishoni tu, mita 1.1 kutoka pembeni.

Kabla ya kukata chochote ilibidi kujua ni kuvu gani. Anayeogopwa kuliko wote katika nyumba za Ulaya ya kati ni Serpula lacrymans. Huyu hutuma nyuzi za kijivu kupitia mawe na lipu, hujisafirishia maji mwenyewe hadi kwenye mbao kavu, na huacha vumbi la rangi ya kutu. Akipatikana, mbao hukatwa hadi mita moja kupita mahali dalili zinapoishia, na mawe ya msingi hutibiwa pia. Vipande vilipelekwa maabara. Jibu ni Coniophora puteana, kuvu wa mahali penye maji mengi, ambaye hufa mbao zikikauka. Tofauti hii imepunguza kazi kwa kiasi kikubwa: hakuna haja ya kuvunja msingi.

Sababu ya kuoza si umri. Magogo ya juu ni ya wakati uleule na shoka bado hudunda juu yake. Kilichoua gogo la chini ni mambo matatu yaliyofanywa kwa nia ya kuboresha nyumba. Udongo wa nje ulipandishwa mwaka hadi mwaka mpaka ukafika usawa wa gogo. Lipu ya saruji ikawekwa ili kuzuia mvua, nayo ikafungia ndani maji yaliyopenya kwenye nyufa zake. Na sednice ikamwagiwa zege juu ya nailoni. Unyevu wa ardhini uliokuwa ukipanda polepole kupitia sakafu ya mbao ukakosa njia, ukasogea pembeni hadi kwenye msingi wa mawe na kupanda kwenye gogo. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanayajua madhara haya kwenye kuta za mawe ya matumbawe: saruji juu ya ukuta wa chokaa huzuia ukuta kupumua, na ukuta huliwa kutoka ndani.

Aprili: kibali, saruji na udongo

Katika hifadhi ya urithi kama kijiji hiki mwenye nyumba huomba uamuzi wa idara ya urithi ya manispaa, ambayo huku ni Nové Město na Moravě, chini ya sheria namba 20 ya 1987. Taasisi ya taifa ya urithi hutoa maoni ya maandishi kwanza. Ombi linaloeleza kila gogo kwa mchoro, aina ya mti, vipimo na namna ya kiungo hupita kwa urahisi kuliko lile linalosema tu "ukarabati wa ukuta". Masharti: msprusi kwa msprusi, uso uchongwe kwa shoka na usipigwe randa, chokaa bila rangi ya kiwandani.

Lipu ya saruji ilitolewa kwa nyundo ndogo na patasi, kuanzia juu. Mashine ya kutikisa haifai hapa. Hupasua udongo mzuri ulio kati ya magogo ya juu. Udongo wa nje ulishushwa hadi uso wa gogo ukawa sentimita 30 juu ya ardhi. Kipimo hiki si cha kubahatisha: matone ya paa yakigonga ardhi ngumu hurukia ukutani kwa kimo hicho hivi. Kando ya msingi umechimbwa ukanda wa upana wa sentimita 50 na kina cha 30, ukajazwa kokoto kubwa, na ardhi inayofuata ikapewa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita.

Usichimbe chini ya kitako cha msingi. Nyumba nyingi za huku zimekaa juu ya mawe yaliyopangwa kwa udongo, kina chake hakizidi nusu mita, na mtaro mrefu ulioachwa wazi wakati wa mvua unaweza kuyasukuma nje. Tumechimba vipande vya mita moja na nusu, kimoja kikijazwa kabla ya kingine kufunguliwa.

Ndani, zege limekatwa na kuondolewa pamoja na nailoni. Sakafu ya mbao itarudi juu ya mihimili iliyolazwa kwenye kokoto, na hewa itapita chini yake.

Mei: kushusha eternit

Eternit ya zamani ina asbesto. Kazi hutangazwa kwa ofisi ya afya ya mkoa kabla ya kuanza, na wafanyakazi huvaa suti za kutupwa na barakoa za kiwango cha FFP3. Vigae hulowanishwa, misumari hung'olewa moja moja, kigae hushushwa kwa mkono kikiwa kizima. Hakitupwi chini, hakikatwi, hakitobolewi. Hufungwa ndani ya nailoni mara mbili, huandikwa, na kwenda dampo lenye kibali.

Paa lilishushwa kabla ya kuinua ukuta kwa sababu mbili: mzigo hupungua, na vigae vipya vikitangulia kupigiliwa vingepasuka nyumba itakaposogea. Kwa miezi ya kiangazi paa limefunikwa kwa mbao za muda na turubai. Turubai lifungwe kwenye kenchi, si kwenye papi pekee. Upepo wa magharibi hapa hauna kizuizi.

Juni: gogo jipya

Vysočina ni miongoni mwa mikoa iliyopigwa vibaya na mdudu wa magome, Ips typographus, baada ya miaka ya ukame, hasa 2015 na 2018. Misitu ya msprusi mtupu ilikauka kilima baada ya kilima. Kwa hiyo swali la kwanza la kila mwenye nyumba ni kama mti uliokufa hivyo unafaa kujengea.

Unafaa, kwa masharti. Mdudu huyu hutaga na kula chini ya gome. Hachimbi ndani ya mbao. Rangi ya samawati inayoingia kwenye mbao za nje ni ya kuvu anayebebwa naye, na haipunguzi nguvu ya kubeba mzigo. Hatari ni mti uliosimama mkavu kwa muda mrefu: hupasuka kwa mzunguko kuanzia nje hadi moyoni, na wadudu wengine wanaotoboa mbao zenyewe huingia, pamoja na kuvu wa kuozesha. Tumechagua mti uliokufa msimu uliopita, ukakatwa majira ya baridi na kumenywa gome palepale. Nyuzi zimenyooka, na pete za ukuaji zimebanana kama inavyotarajiwa kwa mti wa juu kwenye baridi.

Gogo lilichongwa kwa shoka pana, kisha likasawazishwa kwa tezo. Kwa vipimo vile lina mita za ujazo 0.41, na uzito wake ni kama kilo 190. Upande wa juu, utakaofichwa na gogo la pili, umekatwa mfuo wa kina cha sentimita 8 hadi karibu na moyo. Mbao yenye moyo ndani lazima ipasuke inapokauka. Mfuo huamua ipasukie wapi. Bila mfuo ufa hutokea upande wa nje na kugeuka mtaro wa mvua.

Unyevu wa gogo ulikuwa asilimia 24. Ukutani litashuka hadi 16 hivi. Msprusi hupungua unene kwa wastani wa asilimia 6 kutoka ubichi hadi ukavu kamili, ukavu kamili ukihesabiwa kutoka asilimia 30, kwa hiyo hatua hizi 8 zitalipunguza kama milimita 4. Ukuta wote utashuka kiasi hicho, na lazima madirisha yaachiwe nafasi.

Julai: kuinua ukuta

Hii ndiyo sehemu yenye hatari, na imechukua maandalizi marefu kuliko kazi yenyewe.

Kwanza hesabu ya mzigo. Ukuta wa magogo yaliyobaki, kimo mita 2.4, unene sentimita 18, urefu mita 7.2, ni mita za ujazo 3.1, yaani kama tani 1.4. Juu ya dari kuna tabaka la udongo la sentimita 8, lililowekwa zamani ili kuhifadhi joto na kuzuia moto wa paa usishuke. Udongo huo ni zaidi ya kilo 130 kwa kila mita ya mraba, na nusu ya upana wa chumba hukalia ukuta huu, kwa hiyo karibu tani 3. Pamoja na kenchi tupu, jumla ni tani 5 na kitu. Jeki nne za tani 10 zinatosha mara nyingi, na ndivyo inavyotakiwa: jeki isifanye kazi karibu na kikomo chake.

Gogo la chini likiwa bovu, jeki haiwezi kuwekwa chini yake. Ukuta umebanwa kwa jozi nne za boriti za kusimama, moja ndani na moja nje, zikiwa zimefungwa pamoja kwa vyuma vya nati vya milimita 20. Vyuma vinapita kwenye mianya kati ya magogo, penye udongo, kwa hiyo hakuna gogo lililotobolewa. Jeki hukaa chini ya kila jozi, juu ya mbao zilizopishana za sentimita 40 kwa 40 zilizolazwa kwenye kokoto iliyoshindiliwa. Jeki iliyowekwa kwenye udongo mtupu huinua inavyoonekana, kumbe inazama, na fundi hugundua pale pembe moja inapobaki nyuma.

Kabla ya kugusa jeki mambo mengine matatu. Vioo vya madirisha vimetolewa na fremu kutiwa mbao za mshazari. Bomba la moshi, ambalo limejengwa kwa matofali na limesimama kwa miguu yake lenyewe, limetenganishwa na dari kwa mwanya wa sentimita 3 pande zote. Ukuta ukipanda na dari ikabaki imeshika bomba, bomba hukatika. Na usawa umepimwa kwa mpira wa maji pande zote za chumba, alama ikachorwa kila pembe.

Kuinua: milimita 2 kwa kila jeki, kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kupima, kisha kusubiri. Kabari za mwaloni hufuata jeki kila hatua ili jeki ikifeli ukuta ushuke milimita chache tu. Magogo hulia yanapoachana na udongo. Hiyo ni kawaida. Mlio mkali wa ghafla pembeni ni kiungo kinachopasuka, na hapo husimamishwa mara moja. Jumla tumepandisha milimita 8. Ukuta ulikuwa umeshuka zaidi ya hapo kwa miaka, lakini kuurudisha wote kwenye usawa wake wa kwanza kungevunja viungo vilivyokwisha kuzoea mkao mpya.

Gogo bovu lilikatwa vipande na kutolewa. Mawe ya juu ya msingi yakapangwa upya kwa chokaa na mchanga, uso wake ukiteremka kidogo kuelekea nje. Juu yake kumelazwa gome jeupe la mti wa betula, upande mweupe ukitazama juu, kama wajenzi wa zamani walivyofanya. Gome hilo lina mafuta yanayokataa maji na halifungi unyevu kama nailoni. Ukingo wake umekatwa sawasawa na uso wa jiwe. Ukitokeza, hukusanya maji na kuyapeleka chini ya gogo.

Gogo jipya liliingizwa kwa kuviringishwa juu ya mabomba ya chuma. Kiungo cha mkia wa samaki pembeni kimechongwa ili nyuso zake ziteremke nje. Kwenye ukuta wa gebo kipande cha mita 1.1 kimeungwa kwa kiungo cha kulaza cha urefu wa sentimita 60, yaani mara mbili na nusu ya kimo cha gogo, kikashikwa kwa vigingi vinne vya mwaloni vya milimita 24. Vigingi viwe vikavu kuliko gogo: vikinywa unyevu wake huvimba na kubana. Kigingi kibichi hufanya kinyume.

Gogo la pili limeachwa. Baada ya saruji kuondoka limeshuka kutoka asilimia 21 hadi 17 bila dawa yoyote, na hapo ndipo penye ushahidi kwamba maji yamepata njia ya kutoka.

Agosti: kukalafati na vigae

Mianya kati ya magogo inakalafatiwa kama jahazi, tofauti ni nyenzo. Zamani ilitumika kuvumwani ya msituni, ile ya kijani inayotandaa juu ya mawe. Kwa kuwa msitu wote huu ni hifadhi, zimetumika nyuzi za kitani, na hazikosi uhalali: kitani kilikuwa zao la nyanda hizi pamoja na viazi. Nyuzi husokotwa kidogo na kupigwa ndani kwa patasi butu mpaka zikatae kuingia. Juu yake hupigiliwa vijiti vya mbao vya sentimita 10, kila baada ya sentimita 12 hadi 15, kwa mshazari, ili udongo upate pa kushika.

Udongo: kipimo kimoja cha mfinyanzi, viwili vya mchanga mkali, kimoja cha makapi ya nyasi yaliyokatwa mafupi, ukalala usiku mzima. Kipande cha majaribio kikikauka na nyufa, ongeza mchanga. Kikipukutika kwa kidole, ongeza mfinyanzi. Kila tabaka lisizidi sentimita 2, na magogo yanyunyiziwe maji kwanza, la sivyo mbao kavu hunyonya maji ya udongo na udongo huachia siku hiyohiyo.

Paa: vigae vya msprusi vilivyopasuliwa kwa kufuata nyuzi, urefu sentimita 52, upande mmoja mnene wenye mfuo na upande wa pili mwembamba unaoingia kwenye mfuo wa jirani. Vya kupasuliwa hudumu kuliko vya kukatwa kwa msumeno, kwa sababu msumeno hukata nyuzi na maji hufuata nyuzi zilizokatwa. Papi ziko kila sentimita 22, kwa hiyo kila mahali pana tabaka mbili, na sentimita 8 za kupishana kwa tatu. Kila kigae hufunika upana wa sentimita 8, yaani vigae 57 kwa mita ya mraba; kwa upande huu wa mita za mraba 46 ni 2,600 na ziada, na tumeagiza 2,900. Msumari ni mmoja kwa kigae, juu, mahali pa kufunikwa na safu inayofuata. Ukipiga miwili, kigae hakina pa kutanukia na hupasuka katikati. Mdomo wa mfuo usitazame magharibi, upepo unakotoka. Kwenye kilele, safu ya upande wa upepo imepita juu ya ile nyingine kwa sentimita 10.

Septemba: chokaa

Udongo ulikauka wiki nne. Chokaa ni ya shimoni, iliyozimwa na kulala majini, laini kama siagi. Kipimo kimoja kwa vinne vya maji, na mafuta ya kitani kidogo sana, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita tano, yakikorogwa kwenye chokaa nzito kabla ya maji. Mafuta yakizidi, tabaka linalofuata halishiki. Miwani ivaliwe, tone moja la chokaa huunguza jicho.

Ukuta hulowanishwa, tabaka hupakwa jembamba kwa brashi ya nyuzi ndefu, magogo na udongo pamoja. Likiwa bichi halionekani jeupe, na hapo ndipo wengi huongeza unene. Chokaa nene hukauka juu tu na kuanza kubanduka kabla ya theluji. Tabaka tano, siku moja au mbili kati yake, bila jua kali na bila baridi chini ya nyuzi 5 usiku. Huku nafasi hiyo hufungwa mwishoni mwa Septemba, wakati mwingine mapema. Kazi ya chokaa iliyoanza Oktoba ni bahati nasibu.

Novemba: hali ilivyo

Gogo jipya limefika asilimia 20, la pili 16. Mwanya wa milimita 10 juu ya fremu za madirisha umejazwa nyuzi za kitani bila gundi wala povu, ili ukuta ushuke bila kukalia fremu. Boriti za kubania zimeondolewa, matundu ya vyuma yamezibwa kwa udongo. Kwa majira ya baridi ya kwanza sednice isipashwe moto zaidi ya nyuzi 18. Joto kali la ghafla litakausha gogo jipya upande wa ndani peke yake na kulipinda. Theluji isirundikwe ukutani wakati wa kusafisha njia.

Vimebaki sakafu ya mbao, gata la mbao upande wa kaskazini, na kupima tena unyevu wa magogo Aprili, baada ya theluji kuyeyuka, kwa sababu huo ndio wakati ukuta hupokea maji mengi kuliko mwaka mzima.